Miaka Elfu Moja na Bonde la Uwele

Vijana wangu, mmenijia tena na simu zenu. Jumapili iliyopita baada ya ibada mlinizunguka pale nje ya kanisa, hapa hapa Chamwino, mkanionyesha mhubiri mwenye suti nyeupe anayechanganya vita vya mataifa na bei ya mafuta, kisha anatangaza kwamba utawala wa miaka elfu uko mlangoni. Eti kwa hiyo msome vyuo vya nini, mjenge nyumba za nini. Mkaniuliza, "Bibi Damari, ni kweli haya?" Kabla sijafungua mdomo, mzee mmoja wa kanisa akanishika bega. "Bibi, waambie waombe tu. Mambo hayo yanagawa watu."

Nimewaombea. Sasa nasema.

Nimekuwa mwinjilisti tangu nikiwa msichana hadi magoti yalipokataa baiskeli, na katika kazi hiyo nimenyamazishwa na watu wenye sauti nene kuliko ya mzee yule. Sikunyamaza wakati ule nilipokuwa na cheo cha kunyang'anywa. Leo ninafuga kuku. Wataninyang'anya nini?

Labda wengine wenu hamjui mwinjilisti alikuwa mtu gani. Mchungaji alikuja mara chache, na gari likikubali. Sisi ndio tuliokaa na watu. Tulifundisha madarasa ya ubatizo na kipaimara, tulizika pale mchungaji alipokuwa mbali, tulipatanisha wanandoa, tulisomea watu barua za watoto wao walioko Dar es Salaam. Nilikuwa na vijiji vyangu upande wa mashariki ya Buigiri, na nilivizungukia kwa baiskeli ya kanisa. Siku hizi nyinyi mnahubiri kwa spika kubwa na video. Sisi tulikuwa na ngoma moja na koo. Miiba ya migunga ilitoboa matairi kila safari, hivyo mwinjilisti asiyejua kuziba pancha aliishia kuhubiria fisi njiani.

Jambo la kwanza nililojifunza halikutoka darasani. Ukifika kijijini msimu wa kupalilia ukawakuta watu shambani, usisimame kwenye kingo na kitabu mkononi. Omba jembe. Inama nao mstari mzima, ndipo useme neno lako. Watakusikiliza, tena watakukosoa bila woga, na mwinjilisti asiyekosolewa anaharibika upesi kama maziwa juani.

Jambo la pili nilifundishwa na Mchungaji Yeremia, mlezi wangu katika chuo cha wainjilisti. Alikuwa mzee mfupi mwenye kikohozi cha kudumu. Siku moja alituambia, "Kitabu cha mwisho cha Maandiko msikifundishe mwezi wa kumi." Tukacheka. Hakucheka. "Mwezi wa kumi ghala zimekwisha na mvua haijaja. Mtu mwenye njaa ukimwambia dunia inakwisha, anafurahi. Atakuamini kwa tumbo, si kwa moyo. Fundisheni mwezi wa sita, watu wakiwa wameshiba na wanaweza kubisha."

Mimi nilifundisha mwezi wa sita na bado nikaaibika. Mara yangu ya kwanza nilichora mstari mrefu mavumbini kwa fimbo. Hapa Bwana anafufuka, hapa anarudi, hapa miaka elfu, hapa hukumu. Nikaeleza kwamba Wakristo wana ubishi wa zamani juu ya mstari huo. Kuna wanaosema Bwana atarudi kwanza, ndipo atawale duniani miaka elfu. Kuna wanaosema miaka elfu ya haki itakuja kwanza kwa kazi ya kanisa, ndipo arudi. Na kuna wanaosema miaka elfu si ya kuhesabu kwa kalenda, ni namna ya kuuita wakati huu wote tangu alipofufuka hadi atakaporudi. Nilijiona msomi. Kundi la mbuzi likapita juu ya mstari wangu, likafuta kurudi kwa Bwana na nusu ya hukumu. Kisha mzee mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, katika hiyo miaka elfu, mahari itatolewa?" Mwingine akauliza kama mama mkwe wake naye atakuwepo. Darasa likavunjika kwa kicheko na mimi nikabaki na fimbo yangu.

Nilipomsimulia Mchungaji Yeremia alikohoa, akacheka, akakohoa tena. "Wamekuuliza swali zuri, Damari. Wanataka kujua kama huo ufalme una nafasi ya maisha yao, au ni wa malaika peke yao. Wajibu hilo."

Yeye mwenyewe alikuwa wa wale wanaosema Bwana atarudi kabla, tena wakati wowote, pengine kabla ya chai. Lakini nyuma ya nyumba yake alikuwa na zabibu, na mwaka ule ule alikuwa akipanda miche mingine ambayo isingezaa upesi. Nikamuuliza, "Baba, kama anakuja wakati wowote, hii ya nini?" Akafuta udongo mikononi. "Akija, atanikuta ninapanda zabibu. Unadhani atachukia?"

Mimi nilitofautiana naye, na sikumficha. Niliamini, na ninaamini hadi leo, kwamba Bwana ameshaanza kutawala, na kwamba kurudi kwake kutamaliza alichokianza. Tulikuwa wanafunzi wawili tuliobishana juu ya hilo kuliko wote: mimi na Amosi.

Amosi alikuwa mrefu, mkavu, mwenye macho ambayo ukisema naye hayaondoki usoni kwako. Tulibishana tukiosha sufuria za chuo, tukibeba maji, tukiota jua. Hakuwa tapeli, na hilo nataka mlishike kabla sijaendelea. Matapeli mnawajua, wana magari. Amosi alimaliza chuo, akatumika miaka kadhaa, kisha akaona kanisa letu limelala, akatoka akaanzisha ushirika wake wa maombi. Alitembea kwa miguu, alikula kilichopatikana, na alichohubiri alikiamini hadi kwenye mifupa. Ndiyo maana alikuwa hatari.

Alifika katika kijiji changu kimoja mwaka wa ukame. Sitakitaja, maana watu wake wapo na wengine bado wanaoneana haya. Mvua za mwaka uliotangulia zilikuwa zimekatika uwele ukiwa unachanua. Tena ulikuwa wakati ule mji ulipoanza kututanukia: wapimaji wa viwanja walikuwa wakipita na vigingi vyao, na kila kona palikuwa na mtu mgeni mwenye kofia akiuliza bei ya ardhi. Amosi aliwaambia watu kwamba hizo zote ni dalili. Bwana anakuja kabla ya mvua kutulia ardhini, ataanza utawala wake wa miaka elfu, na kulima msimu huo ni kumwambia Mungu usoni kwamba humwamini. Akawapandisha kwenye kilima cha mawe juu ya kijiji, wajenge vibanda, waimbe, wangoje.

Habari zilinifikia Buigiri. Nikapanda baiskeli.

Nilimkuta Bibi Nyemo uani kwake, akisonga ugali kwenye chungu kikubwa cha sherehe. Huyu Bibi Nyemo alikuwa mjane, kiongozi wa akina mama wa kanisa. Wimbo usipoanzishwa naye haukuanza. Nikamsalimu, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Moshi ulinipiga puani, lakini haukuwa moshi wa kuni. Ulikuwa ndani ya ugali wenyewe. Nikaangalia juu ya meko yake. Ninyi mliozaliwa mjini hamjui: mbegu ya uwele hatukuiweka ghalani. Masuke bora yalichaguliwa yakatundikwa jikoni juu ya moto, yakala moshi mwaka mzima yakawa meusi, na mdudu hakuyagusa. Juu ya meko ya Bibi Nyemo kulikuwa na kamba tupu.

"Bibi, hiyo si mbegu?"

"Ilikuwa mbegu. Leo ni karamu ya kumpokea Bwana. Nawa mikono ule."

"Na mvua ikinyesha utapanda nini?"

"Ikinyesha, atakuwa ameshafika."

Sikula. Nilienda moja kwa moja kilimani. Amosi alikuwa amesimama juu ya jiwe na watu wamekaa chini yake kwenye vivuli vyembamba vya vichaka. Akaniona, akafurahi kwa dhati. "Damari! Umekuja kungoja nasi?"

"Nimekuja kukuuliza nani alikupa ruhusa ya kupika mbegu za wajane."

Watu wakaguna. Mwanamke kumsemesha mhubiri hivyo! Tukaanza, kama zamani tulipoosha sufuria, ila sasa kijiji kizima kilikuwa kinasikiliza. Nikasema Bwana ametawala tangu alipofufuka, na aliye na mfalme hangoji kilimani, anafanya kazi ya mfalme huyo. Nikasema anayedai kujua msimu wa kurudi kwake anajua zaidi ya malaika. Nilikuwa nimeanza kuwapata. Ndipo Amosi akanitazama na yale macho yake, akauliza taratibu:

"Unasema anatawala sasa. Maandiko yanasema katika huo utawala shetani amefungwa. Kama amefungwa, Damari, nani aliyechukua shamba la Bibi Nyemo?"

Watu wote wakanigeukia mimi.

Nilikuwa sijui. Wakati nikiwa vijiji vingine, shamba la juu la Bibi Nyemo, alilolimiwa na marehemu mumewe, lilikuwa limepimwa viwanja. Alipita ofisi moja hadi nyingine, kila moja ikimwambia arudi wiki ijayo, hadi akachoka kurudi. Ndipo nikaelewa kwamba yule bibi hakupika mbegu kwa ujinga. Alitaka mfalme ambaye hatamwambia arudi wiki ijayo.

Nilimjibu Amosi maneno fulani kuhusu ushindi ulioanza na ambao haujakamilika. Bado ninayaamini maneno hayo, lakini siku ile yalichechemea, na watu wakaona. Wakaanza kuimba. Nikashuka peke yangu.

Bado sijamaliza kushindwa. Baraza la wazee wa kanisa likaniita. Nilidhani wataniuliza tuwasaidieje watu wale. Walikuwa wamekaa safu moja, na katikati yao alikuwemo mwenyekiti wa kijiji kile kile, maana naye alikuwa mzee wa kanisa. Mchungaji wetu wa wakati ule, mtu mpole aliyeogopa kelele, akasema, "Mama Mwinjilisti, umeleta fujo. Wale watu tunataka kuwarudisha kwa upole."

Nikasema, "Kwa upole watarudi wakiwa mifupa. Mvua imekaribia na hawana mbegu."

Mwenyekiti akaingilia. "Mama, Ufalme wa Mungu ni wa rohoni. Mambo ya mashamba waachie serikali ya kijiji."

"Basi serikali ya kijiji iwaambie walime."

"Kila mtu ana uhuru wa kuabudu," akasema, akatabasamu.

Waliniambia niende kilimani kumwomba Amosi radhi mbele ya watu, na nisifundishe tena habari za miaka elfu. Nikakataa yote mawili. Nikawaambia kilimani kuna mtu anayesema ufalme ni wa kesho tu, na hapa barazani kuna watu wanaosema ufalme ni wa rohoni tu, na wote wawili wanamwachia Bibi Nyemo njaa ile ile. Nikasimamishwa kazi hadi itakapoamuliwa vinginevyo. Baiskeli wakaichukua hapo hapo. Nilirudi nyumbani kwa miguu, na sitawadanganya kwamba sikulia. Nililia kwa hasira, na hasira ni kitu kizuri ukiwa na safari ndefu.

Aliyenitoa gizani hakuwa mtu wa kanisa letu kabisa. Mzee Salimu alikuwa Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, mwenye duka la mbegu na majembe pale njia panda. Siku moja aliniona napita kwa miguu, akaniita.

"Mama Mwinjilisti, baiskeli iko wapi?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akanisogezea kigoda. "Watu wako wananishangaza. Wananiletea mbuzi niwanunue kwa bei ya kuku, eti hawatawahitaji. Nimewarudisha wote. Siwezi kumnyonya mtu aliyechanganyikiwa." Kisha akainama. "Sisi nasi tunamngoja Nabii Isa ashuke. Tunaamini. Lakini duka nimefungua."

Nikacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Yeye hakucheka. Akaangalia barabarani, akashusha sauti.

"Kuna jambo nimelisikia hapa hapa kwenye benchi langu. Mwenyekiti wenu alikuja na wageni wawili. Shamba lisilolimwa msimu huu kijijini litahesabiwa pori, na pori atagawa yeye. Wanataka bonde lote la mashamba yenu, pale chini ya kilima. Wapimaji watakuja mvua zikianza, kwa kuwa hapo ndipo itaonekana nani kalima na nani hajalima."

Sasa nikaelewa lile tabasamu la barazani. Mwenyekiti hakumtuma Amosi, na Amosi hakujua lolote. Lakini mahubiri ya Amosi yalikuwa yanamfanyia mwenyekiti kazi bure. Mwambie mtu dunia inapita, na kutakuwa na mwingine nyuma yako akiiokota.

Mzee Salimu akaingia dukani akatoka na gunia la mbegu ya uwele. Nikaanza kusema sina cha kumpa. Akakunja uso. "Nimekuuliza?"

Wingu la kwanza lilipoonekana upande wa mashariki, nilipanda kilima tena. Sikuwa na baiskeli wala cheo. Watu walikuwa wamekonda. Watoto walikuwa wamelala kwenye vivuli na hawakuinua vichwa. Na Amosi, vijana wangu, alikuwa amekonda kuliko wote. Walisema chakula chake alikuwa akiwagawia watoto. Nilitamani kumchukia, nikashindwa.

Nikawasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," wakaitikia kwa unyonge. Sikuhubiri. Niliwaambia nilichosikia: bonde, mwenyekiti, wageni, vigingi. Nikawaambia mbegu ipo.

Amosi akainuka kwa kujishikilia jiwe. "Waache wachukue. Wanachukua mavumbi. Bwana akija atatupa nchi yote."

Wengine wakasema amina. Ndipo Bibi Nyemo akasimama. Alisimama polepole, akajifunga khanga, akamgeukia Amosi kwa heshima yote.

"Mtumishi, naomba kuuliza."

"Uliza, Bibi."

"Katika hiyo miaka elfu, tutakuwa tunakula?"

Amosi akasema ndiyo, Maandiko yanasema watu watapanda mizabibu na kula matunda yake.

"Watapanda wapi?"

"Hapa hapa duniani, Bibi. Katika nchi hii."

"Katika bonde?"

Amosi akatazama chini bondeni. "Hata katika bonde."

"Basi Bwana akija anipe bonde langu akinikuta nimo humo humo, asianze kwanza kesi na mwenyekiti." Akainama akaokota jembe lililokuwa likitumika kuchimbia mashimo ya vibanda. "Mimi nangojea huko chini. Na nikiwa huko nitakuwa napanda, mikono isikae bure."

Mtu mmoja akacheka. Kicheko kikapita kwenye kundi kama maji kwenye mfereji mkavu. Wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja. Hawakunifuata mimi; walimfuata yule bibi. Si wote. Wengine walibaki na Amosi wakaimba kwa sauti zaidi ili wasitusikie tukishuka.

Mvua ikaja kesho yake mchana. Wale mliosoma kilimo mtaniambia mambo ya vipimo, sawa, lakini uwele wetu unataka kuingia ardhini wakati udongo bado unanukia mvua ya kwanza. Tulitandaza watu bonde zima. Mmoja anapiga shimo, mwingine nyuma anaangusha punje na kufukia kwa kisigino. Tulipanda mashamba ya walioshuka na ya waliobaki kilimani, bila kuuliza nani anaamini nini kuhusu miaka elfu.

Wapimaji walifika tukiwa katikati. Walikuja na mwenyekiti na wale wageni wawili, viatu vyao vikinasa kwenye tope. Mwenyekiti akaangalia bonde limejaa migongo. Akanijia.

"Wewe mama, si umesimamishwa?"

"Nimesimamishwa kuhubiri, Mwenyekiti. Sikusimamishwa kulima."

"Haya mashamba yametelekezwa. Watu wameyakimbia wenyewe."

"Hawa unaowaona ni kina nani?"

Bibi Nyemo alikuwa ameshafika, na nyuma yake wanawake wengine, na majembe mikononi. Hakuna aliyeinua jembe wala kutukana. Walisimama tu kwenye mistari waliyokwisha kupanda, ili mtu akitaka kuchomeka kigingi achomeke juu ya mbegu mbele ya macho yao. Bibi Nyemo akamwambia mpimaji kijana, "Mwanangu, hapo ulipokanyaga nimeshapanda. Sogea kidogo."

Kijana yule akasogea. Akaangalia bonde, akamwangalia mwenyekiti, akasema, "Mzee, hapa si pori. Mimi siwezi kuandika pori." Akabeba chombo chake akaondoka. Wageni wakamfuata. Mwenyekiti alibaki peke yake kwenye tope, akituahidi mambo mengi. Mengine aliyatimiza, alinisumbua miaka. Lakini bonde halikuchukuliwa.

Amosi alishuka mwishowe. Hakuja siku ile. Alishuka mvua zilipokaza na watoto wa wafuasi wake walipoanza kuugua kwa baridi. Alimbeba mtoto mmoja mgongoni. Nilikuwa nikipalilia. Akasimama kwenye ukingo wa shamba.

"Alikosea nani, Damari? Mimi au Maandiko?"

"Wewe."

"Nilikosea msimu. Sikukosea kwamba anakuja."

"Hilo sikubishi."

"Na kwamba atakuja kabla ya miaka elfu."

"Hilo nabisha. Chukua jembe, tutabishana tukipalilia."

Akachukua. Alibaki kijijini, akaoa hapo, akajenga hapo. Wengi walitaka afukuzwe, nami nilisimama kumtetea. Mimi nilimwona alivyokonda. Lakini sikuwahi kumwachia hoja moja ipite. Aliendelea kufundisha kwamba Bwana anarudi kabla, nami kwamba ameshaanza kutawala, na kila tulipokutana watu walivuta vigoda wasikilize. Hakugusa tena mbegu ya mtu.

Baraza la kanisa likaniita tena baada ya mavuno. Bonde lilikuwa limezaa na sasa kila mtu alikuwa upande wangu tangu mwanzo. Wakanirudishia baiskeli, wakasema nirudi kazini ila lile fundisho niliache, kwa ajili ya amani. Nikawauliza, amani ya nani? Nikawaambia: nitafundisha darasani maoni yote matatu, nitasema langu ni lipi, na mtu yeyote atakayetumia kurudi kwa Bwana kuwanyima watu jembe, shule, dawa au haki yao, nitasimama kumpinga awe kilimani au awe kwenye kiti cha baraza. Wakitaka baiskeli, ile pale imeegemea ukuta. Mchungaji akanyoosha mkono kuelekea ukutani. "Ichukue, Mama," akasema. "Ichukue tu."

Kwa hiyo kijana wangu wa chuo pale Chimwaga uliyeniuliza kama uache masomo ungoje, hilo ndilo jibu langu. Mngojeni. Mimi namngojea kuliko huyo wa suti nyeupe, nina makaburi mengi ninayotaka yafunguliwe. Lakini mtu akikuambia uache kazi kwa sababu ufalme unakaribia, mtazame vizuri, kisha tazama nyuma yake uone nani kashika vigingi.

Amosi tulimzika mwaka jana, mvua zikiwa zimechelewa. Wachungaji vijana walinipa nafasi ya kusema, wakaninong'oneza nisiguse mambo ya ubishi, ni msiba. Nikasimama kaburini.

"Amosi," nikasema, "ulisema atakuja kabla, mimi nikasema ameshaanza. Sasa umeniacha bila mtu wa kubishana naye, lakini usidhani kufa ni kushinda. Sikubali hata leo. Tukiamshwa, tutaendelea pale tulipoishia."

Watu wakacheka na machozi yakiwatoka. Na kabla hatujamaliza kufukia, mvua ikashuka. Haikuwa manyunyu, ilishuka ile ya kwanza yenyewe, yenye matone mazito yanayorusha vumbi. Nikaona wanaume wakiangaliana, wakiangalia bonde, wakiangalia tena kaburi. Desturi yetu hairuhusu kulima watu wakiwa matangani. Mzee mmoja akasema kwa sauti kwamba mtu yeyote asithubutu, tumheshimu marehemu.

Mke wa Amosi aliinuka kutoka kwenye mkeka wa wafiwa. Alivuta khanga ya msiba kutoka kichwani, akaifunga kiunoni.

"Mume wangu aliwazuia watu kulima mara moja," akasema. "Mara ya pili hatawazuia."

Akapita katikati yetu akielekea bondeni.